Sorbeti, Sherbeti na Kulfi za Johannesburg

Anayeomba sherbeti dukani Johannesburg hupewa kipakiti cha unga wa sukari, baikaboneti na asidi, unaotoa povu ukikutana na mate. Marekani, sherbeti ni kitu cha kugandishwa, na sheria imekipimia: mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 1 wala yasizidi 2. Aiskrimu ya huko huanzia asilimia 10. Sorbeti ni matunda, maji na sukari, bila maziwa.

Kwa mlaji jambo hili si dogo. Katika mtaa kama Glenhazel, wenye Wayahudi wengi wanaoshika kosher, nyama na maziwa havichanganywi; baada ya mlo wa nyama sorbeti ya embe inaliwa, sherbeti ya Kimarekani hailiwi. Mwenye tumbo lisilopatana na maziwa naye asiridhike na jina lililoandikwa kwenye kifuniko. Asome viambato, kwani wapo wanaotia maziwa ya unga hata kwenye kile wanachokiita sorbeti.

Sasa, bila mafuta, sorbeti inalainishwa na nini? Na sukari. Maji matupu huganda yakawa magumu kama jiwe, lakini sukari hushusha kiwango cha kuganda, na sehemu ya maji hubaki kimiminika katikati ya chembe za barafu. Sukari ikipungua, kijiko hakizami. Ikizidi, mchanganyiko haugandi. Wapishi wana kipimo cha zamani, na ni kizuri sana: yai bichi lililooshwa hutumbukizwa kwenye mchanganyiko. Likizama, sukari haitoshi. Ganda likichomoza kwa upana wa sarafu ya randi 2 hivi, kazi imekwisha. Granadila, yaani pesheni ya Afrika Kusini, inafaa mno hapa, maana ukali wake hubeba sukari nyingi bila kukinaisha. Mchanganyiko huohuo ukigandishwa kwenye sinia na kukwanguliwa kwa uma, badala ya kukorogwa na mashine, unakuwa granita ya Sicilia, yenye chembe za kutafunika.

Hewa nayo ina sehemu yake. Karibu nusu ya ujazo wa aiskrimu nyingi za bei nafuu ni hewa, na Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Kopo lililojazwa pwani, Durban, linaweza kufutuka likipanda huko, kwa kuwa kanieneo ya hewa ya nje imepungua.

Kulfi, aiskrimu ya Kihindi, haina shida hiyo. Maziwa huchemshwa taratibu mpaka yapungue na kuwa mazito, hutiwa iliki, kisha hugandishwa bila kupigwa, ndiyo maana huchelewa kuyeyuka. Katika mtaa wa Fordsburg, penye jengo la maduka la Oriental Plaza lililojengwa miaka ya 1970 kwa wafanyabiashara Wahindi waliohamishwa kwa nguvu kutoka mtaa wa Pageview, kulfi huuzwa pamoja na Bombay Crush: maziwa, sharubati ya waridi, mbegu za mrehani na aiskrimu. Mtu wa Mombasa ataitambua mara moja kuwa ni faluda. Asiyetumia maziwa, hapo aagize maji ya matunda.