Hoteli Iliyoachwa na Maji: Historia ya Ufuo wa Eliye na Ghuba ya Ferguson

Kila wikendi ndefu, magari hutoka Lodwar kuelekea mashariki, yakakata mchanga kwa takriban kilomita 60 hadi Eliye. Vijana huogelea, familia huchoma samaki chini ya mikoma, na jioni watu hurudi mjini. Wengi wao hawajui kwamba ufuo huo uliwahi kuwa na jina kubwa miongoni mwa watalii wa Kenya, ukasahaulika kwa miaka mingi, kisha ukafufuka. Wachache zaidi wanajua kwamba kaskazini yake, karibu na Kalokol, hoteli nyingine iliyojengwa kwa ajili ya ziwa ilijikuta haina ziwa.

Historia hii inatuhusu sote, kwa sababu inajibu swali ambalo kila anayetaka kujenga kando ya Ziwa Turkana anapaswa kuuliza: maji yatakuwa wapi miaka 20 ijayo?

Eneo lililofungwa

Wakati wa ukoloni, Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya za kaskazini zilizofungwa. Mtu kutoka nje hakuingia bila kibali cha serikali. Ndiyo maana wakoloni waliona huku ni mahali pa kuwaficha wapinzani wao. Mzee Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, alikozuiliwa hadi 1961.

Baada ya uhuru mlango ulifunguka taratibu. Ziwa lenyewe liliendelea kuitwa Rudolf, jina ambalo Count Teleki na mwenzake von Höhnel walilipa mwaka 1888, hadi Serikali ya Kenya ilipolibadilisha kuwa Turkana mwaka 1975. Wenyeji walikuwa na jina lao tangu zamani: Anam Ka'alakol, yaani bahari ya samaki wengi.

Kwa nini Eliye?

Sehemu kubwa ya ufuo wa magharibi ni mchanga, upepo na jua kali. Eliye ni tofauti kwa sababu ya chemchemi. Maji baridi yasiyo na magadi, yenye uvuguvugu, hububujika chini ya ukingo wa mchanga na kutiririka hadi ziwani. Chemchemi hizo ndizo zinazostawisha mikoma, ambayo Waturkana huiita eengol. Maji ya ziwa yana magadi, huteleza mwilini kama sabuni. Kwa hiyo mgeni aliweza kuogelea ziwani, kisha akajisuuza kwenye chemchemi, bila bomba wala tangi.

Hoteli ndogo ya kitalii ilijengwa hapo, na wageni wakaja kuogelea, kuvua na kupumzika. Katika Ghuba ya Ferguson, ng'ambo ya Kalokol, hoteli nyingine ilisimama kwenye ulimi wa mchanga wa Longech. Hiyo ilikuwa ya wavuvi wa burudani. Walikuja kwa ndege ndogo kutoka Nairobi, wakavushwa ghuba kwa boti, wakatega ndoano zao kwa mbuta, samaki anayeweza kumshinda mtu mzima kwa uzito.

Maji yanaondoka

Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji huingia, hasa kupitia Mto Omo kutoka Ethiopia, unaoleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yote, na njia yake kuu ya kupungua ni kukauka kwa jua. Kwa mwaka mmoja jua hunyonya zaidi ya mita 2 za kina. Mvua ikiwa haba katika nyanda za juu za Ethiopia, ziwa letu hushuka hata kama mawingu ya Lodwar hayakubadilika.

Hilo ndilo lililotokea miaka ya 1980. Ziwa lilishuka mwaka baada ya mwaka, na Ghuba ya Ferguson, ambayo ni ya kina kifupi, ikaanza kukauka. Mahali pa boti pakawa mahali pa kutembea kwa miguu. Hoteli ya Longech ilibaki ikitazama mchanga.

Haikuumia peke yake. Kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norway na kukamilika mwanzoni mwa miaka hiyo, kilikusudiwa kugandisha minofu ya samaki kwa soko la mbali. Umeme na maji safi ya kukiendesha vilikuwa ghali mno, na samaki wa ghubani wakatoweka pamoja na maji. Mwaka 1990 uhusiano wa kibalozi kati ya Kenya na Norway ulikatika, na misaada ikakoma.

Eliye haikukaukiwa, kwa kuwa chemchemi zake hazitegemei ziwa. Hata hivyo, hoteli yake ilizorota, makuti yakaanguka, na kwa miaka mingi waliobaki kuwapokea wageni wachache waliopiga hema ni wanakijiji wenyewe. Majengo mapya yalirudi baadaye, katika karne hii.

Fuvu ufuoni

Katika miaka hiyohiyo ya 1980, Eliye ilitoa zawadi ambayo wengi hawaihusishi na mahali pa kuogelea. Fuvu la binadamu wa kale liliokotwa ufuoni. Halikuchimbuliwa katika tabaka la udongo, hivyo umri wake ni vigumu kuupima, lakini wataalamu walioliandikia mwaka 1986 waliona ndani yake sura ya binadamu waliotutangulia kwa muda mfupi, kabla ya watu wa umbo letu. Ukiona mfupa mzito kama jiwe mchangani, usiuchukue. Uache ulipo na uarifu ofisi ya Makavazi ya Kitaifa au chifu.

Maji yanarudi

Sasa tatizo limegeuka. Kati ya 2010 na 2020 eneo la ziwa liliongezeka kwa takriban asilimia 10, na karibu kilomita 800 za mraba za nchi kavu zikafunikwa. Familia za wavuvi zilihama, na njia na malisho vikazama. Wakati huohuo bwawa la Gibe III, lililoanza kujazwa mwaka 2015 huko Ethiopia, limebadilisha mtiririko wa Omo.

Somo ni rahisi. Ufuo tunaouona leo si mpaka wa kudumu. Aliyejenga Longech alipima maji ya siku ile, na aliyejenga karibu mno na maji miaka ya 2000 alifanya kosa lilelile kwa upande wa pili.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la utalii wa maeneo yao, na Kifungu cha 62 kinasema maziwa ni ardhi ya umma. Kabla ya kujenga kibanda, hoteli au banda la samaki, waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi, kisha fika katika ofisi ya mipango ya ardhi.

Ukienda kuogelea

• Ziwa lina mamba. Ogelea pale tu wenyeji wanapokuonyesha, kamwe si alfajiri wala usiku.
• Upepo wa ziwa huchafuka ghafla. Usipande boti bila jaketi la kuokoa maisha.
• Usioshe gari wala nguo kwenye chemchemi. Wanakijiji na mifugo yao huyatumia maji hayo.
• Beba taka zako urudi nazo.

Na kama nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya Eliye au Longech, mwulize aliyeipiga akusimulie maji yalikuwa yamefika wapi siku hiyo, kisha iandike nyuma ya picha.