Koili ya Homoni na Sala Iliyoachwa

Alhamisi baada ya darsa hapa Majengo ya Meru, mama mmoja alileta swali kupitia kwa mke wangu, maana haya ilimzuia kuniuliza mwenyewe. Tangu atiwe koili ya homoni, damu ya matone haijamkatikia, na wiki tano zimepita hajasali.

Niliona heri kwanza kukifahamu kifaa chenyewe. Ni plastiki ndogo yenye umbo la herufi T, hukaa ndani ya mji wa mimba na kutoa homoni ya levonogestreli kidogo kidogo. Homoni hiyo huufanya utando wa mji wa mimba kuwa mwembamba. Na kwa kuwa hedhi ni kubomoka kwa utando huo, damu hupungua. Koili ya shaba ni nyingine, nayo aghalabu huizidisha. Lakini miezi 3 hadi 6 ya mwanzo matone huja na kuondoka bila mpango. Baadaye hedhi huwa nyepesi, na ufikapo mwaka takriban mwanamke 1 kati ya 5 haioni tena. Damu haikujikusanya tumboni, kama wasemavyo majirani, haikutengenezwa. Ikimwagika kwa wingi ghafla, au ikija na homa na maumivu makali, hilo ni la daktari, si la sheikh.

Tuje kwenye sala. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, hedhi haipungui mchana na usiku mmoja, wala haizidi siku 15. Ikivuka hapo, mwanamke ana istihadha, na siku zake za hedhi hutambuliwa kwa tofauti ya damu yenyewe, au kwa ada yake ya zamani. Bi Fatima binti Abi Hubaysh alimshitakia Mtume (s.a.w.) damu isiyokatika, akafahamishwa kuwa ule ni mshipa, si hedhi. Mwenye istihadha hukoga josho la hedhi siku zake zikiisha, kisha kwa kila sala ya faradhi hujisafisha, hujifunga vyema na kutawadha wakati ukishaingia. Hufunga, na mumewe ni halali kwake. Tulizihesabu siku za yule mama moja moja, naye sasa analipa sala zake.

Aliyekatikiwa kabisa yumo katika twahara; asali bila wasiwasi. Ila akiachwa, asijihesabie eda ya miezi 3 kama aliyekoma hedhi kwa umri. Sababu ya kukatika kwake yajulikana, na kwa Shafii hungoja hedhi irejee. Koili ikitolewa, kwa kawaida hurejea. Amwendee kadhi mapema, kabla ya kuitikia posa.