Hadubini na Kifo cha Ghafula



Nilipoondoka shuleni nilipata kazi katika maabara ya hospitali, na huko ndiko nilikojifunza haya ninayowaandikia. Mwalimu wangu mmoja wa zamani, mtu mwenye nguvu, alianguka njiani akafa. Kijijini watu walisema amerogwa, na jirani yake alikuwa karibu kufukuzwa. Jamaa za marehemu wakakubali maiti ichunguzwe.

Daktari alitoa mshipa unaolisha moyo damu. Ukutani mwake mlikuwa na uvimbe wa mafuta, lakini uvimbe huo haukuisonga sana njia ya damu. Kilichoiziba ni damu iliyoganda. Kwa nini iliganda pale? Hapo macho matupu hayafai. Ni kazi ya hadubini.

Kipande cha mshipa hulazwa kwanza katika dawa ili kisioze, kisha hutiwa katika nta. Nilikikata kwa mashine vipande vyembamba vya maikroni 5. Maikroni 1000 ni milimita 1. Halafu nikavitia rangi: viini vya seli vikawa buluu, na sehemu nyingine waridi. Dawa zetu huyeyusha mafuta, kwa hiyo mahali pa chembe za kolesteroli huonekana nafasi tupu zenye umbo la sindano. Mtu akitaka kuyaona mafuta yenyewe, hana budi kukigandisha kipande kwa baridi, asikitie katika nta, na kukipaka rangi nyekundu ishikayo mafuta.

Uvimbe huu ni mfano wa jipu. Ndani mna mafuta na seli zilizokufa, na juu pana ngozi. Hatari kubwa haimo katika ukubwa wake, bali katika wembamba wa ngozi hiyo. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani, waliopima mishipa ya watu waliokufa ghafula, walieleza kwamba karibu ngozi zote zilizopasuka zilikuwa nyembamba kuliko maikroni 65. Seli nyeupe zilizoshiba mafuta hukusanyika hapo na kuidhoofisha ngozi. Ikipasuka, damu hukutana na yaliyomo ndani, huganda, na moyo hukosa damu.

Ndivyo tulivyoona kwa mwalimu wetu: ngozi imepasuka, na seli nyeupe ni tele kandokando ya ufa. Daktari aliwaeleza wazee wa kijiji, na jirani yule angali nyumbani kwake hata leo.

Hadubini yetu huona kilichokwisha kutolewa mwilini tu. Lakini mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walitangaza njia ya kupiga picha kwa nuru, na siku hizi wako madaktari wanaopitisha uzi mwembamba wa kioo ndani ya mshipa wa mtu aliye hai, wakapima ngozi hiyo kabla haijapasuka.

Hata hivyo, ndugu zangu, kinga ni bora: tuache tumbaku, tupimwe shinikizo la damu, tupunguze mafuta ya nyama. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa mshipa wa moyo ni vigumu kuujenga upya.