Jiko Lenye Kiuno

Wanangu, sogeeni. Leo anayezungumza ni jiko la mkaa.

"Mimi ni jiko. Zamani nilikuwa bati tupu. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, walinigonga kwa nyundo, kong, kong, kong! Mama akiwasha mkaa, moto mwingi ulinitoroka ubavuni. Mtoto akinigusa, anaungua. Mkaa unaisha, maharage bado magumu!"

"Mjomba, moto ulitorokaje?"

Umeuliza vizuri sana! Usiku wa baridi, ukijifunika shuka jepesi, joto lako linakutoka. Ukijifunika blanketi, linabaki. Bati ni shuka. Udongo uliochomwa ni blanketi.

Sasa, kule Thailand watu walikuwa na jiko la ndoo: nje bati, ndani udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wabunifu wa Kenya, Maxwell Kinyanjui akiwa mmoja wao, wakajifunza kutoka kwa jiko lile.

"Wakaliiga, kazi ikaisha?"

Wapi! Kazi ndiyo kwanza ilianza. Bati likipata moto hutanuka kuliko udongo. Basi udongo ukapasuka, pah! Na wapishi nao walikuwa na lao. Ugali hausongwi kwa vidole viwili, wanangu. Mtu anashika mwiko, anakandamiza, anageuza. Jiko likiyumba, sufuria iko chini.

Tulisikilize tena jiko.

"Basi wakanibana katikati, nikapata kiuno. Chini nikawa mpana, siyumbi. Juu nikawa mpana, sufuria inakaa. Udongo wakaniwekea nusu ya juu tu, pale mkaa unapowaka. Umetobolewa matundu, majivu yadondoke. Nusu ya chini ni ya majivu na hewa, na ina kimlango. Fungua, moto unachangamka. Funga, moto unatulia."

Mimi nakipenda kile kiuno kuliko vyote! Jiko likitengenezwa vizuri, palipokuwa pakitumika makopo matatu ya mkaa, mawili yanaweza kutosha. Ndiyo maana lilivuka mipaka, likafika Tanzania, Uganda na Rwanda.

"Mjomba, nani hasa alilibuni?"

Loo, swali la mtu mwenye akili! Kuna aliyechora, kuna mfinyanzi aliyechoma udongo, kuna fundi aliyekunja bati. Na kuna mama aliyesema, "Hili linayumba." Bila huyo mama, kiuno kingetoka wapi?

"Na sasa limekamilika?"

Bado, mwanangu. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Huioni, hainuki, lakini inaua. Ndiyo maana jiko hili haliwekwi kamwe kwenye chumba kilichofungwa, wala mtu halali nalo. Udongo haujaliondoa tatizo hilo. Lete penseli na karatasi, unionyeshe wewe ungeanzia wapi.