Mashine ya Mazoezi Nyumbani: Pima Chumba Kwanza

Mgongo wa muuguzi ndio mshahara wake. Kuwageuza wagonjwa kitandani kuliniachia maumivu, na kiangazi hapa Muscat joto hupita nyuzi 40. Huwezi kutembea mchana Corniche ya Mutrah. Nikanunua mashine ya mazoezi ya kuvuta mipira.

Kosa langu: niliipima ikiwa imekunjwa. Nilipoikunjua, ikagonga kabati!

Ndugu msomaji, kabla ya kulipa ikalie, vuta taratibu, kagua kama mipira ina nyufa. Anza na mpira mwepesi unaouvuta mara 12 bila kubana pumzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Maumivu yakishuka mguuni, acha, kamwone daktari.

Siku hizi nikitoka zamu nambeba mwanangu bila kuguna.