Kichaa wa Stendi na Mgonjwa Asiyeonekana

Kichaa, chizi, mwehu, punguani, majinuni, mwenda wazimu: Kiswahili hakina upungufu wa majina ya mtu aliyerukwa na akili, na mtaani huongezwa kwamba nati zake zimelegea. Majina yote haya yanamlenga mtu yule yule. Analala stendi, shati limechanika mgongoni, amebeba kiroba cha chupa tupu, anazungumza peke yake, na watoto wanamfuata wakimzomea. Mtu huyo yupo kweli, na mara nyingi ni mgonjwa ambaye skizofrenia yake imekaa miaka bila tiba. Lakini yeye ni mmoja katika wengi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 970 duniani waliishi na maradhi ya akili ya namna moja au nyingine. Wenye skizofrenia walikuwa milioni 24. Wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, walikuwa milioni 280, na wenye wasiwasi uliopita kiasi milioni 301. Jamii imejifunza kuutambua ugonjwa wa akili kwa sura ya wachache, tena katika hatua ambayo umeshaharibu mengi.

Maneno yenyewe yamebeba maelezo ya chanzo. Majinuni, lililotoka katika Kiarabu, lina jini ndani yake. Wazimu liko jirani na mzimu. Kupagawa ni kushikwa na pepo. Katika mwambao na visiwani, anayepandwa na pepo huitwa kiti, maana pepo amemkalia, na mganga huzungumza na huyo pepo: anamuuliza jina, kabila lake, na anachotaka. Kwingine huandikwa kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikasafishwa kwa maji ya waridi na mgonjwa akanywa. Ni kosa kuziona desturi hizi kama ujinga mtupu. Maelezo ya pepo humwondolea mgonjwa lawama, huikusanya familia mahali pamoja, na humpa mtu aliyetengwa watu wa kumsikiliza usiku kucha. Madhara huanza pale mgonjwa anapofungwa minyororo, anapopigwa ili pepo atoke, au anapozungushwa kwa waganga miezi na miezi huku ugonjwa unaotibika ukizidi kuota mizizi.

Maelezo mengine ni makali zaidi kwa sababu yanamtafuta mkosaji: amerogwa na shangazi, amekiuka mwiko, amesoma mno hadi kichwa kikaharibika, amevuta bangi. Hili la mwisho lina ukweli ndani yake, kwani bangi, hasa ikianzwa katika umri mdogo, huongeza hatari ya kupata saikosisi, yaani hali ya kupoteza mguso na uhalisia. Hata hivyo wapo wengi walioumwa bila kuigusa kamwe, nao hubandikwa tuhuma ya bangi vivyo hivyo. Kifafa nacho hutiwa katika kapu hilo hilo na kuitwa wazimu, ilhali ni ugonjwa wa mfumo wa neva.

Si mtaani tu ambako picha ya wachache iligeuzwa kuwa picha ya wote. Wataalamu nao waliwahi kuanguka katika shimo hilo, na kisa cha Mathari jijini Nairobi kinaonyesha jinsi ilivyotokea. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwafungia wendawazimu, na mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Tangu 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alipoteuliwa hakuwa na mafunzo maalumu ya tiba ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kuwa sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika, na akatafuta sababu katika maumbile na malezi yao. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni ya Kenya kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Sehemu kubwa ya ushahidi wake kuhusu sonona ilitoka kwa wagonjwa waliofikishwa langoni pake. Na nani alifikishwa Mathari? Aliyechoma nyumba, aliyempiga jirani, aliyetembea uchi sokoni. Mama aliyekaa kimya jikoni, asiyekula, asiyelala, hakupelekwa popote, basi hakuhesabiwa. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji viwili vya Uganda, nyumba kwa nyumba, na kukuta sonona kwa wanawake ikiwa juu kuliko kwa wanawake wa kusini-mashariki mwa London waliolinganishwa nao. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni wa kuuliza.

Mama huyo leo huonekana zahanati. Hasemi kwamba ana sonona, neno ambalo wengi hawajalisikia. Anasema mwili wote unauma, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, usingizi haupatikani, ana mawazo. Anapimwa malaria, anapewa vidonge vya maumivu, anarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili yuko kwenye benchi lile lile. Kila alichokitaja ni dalili inayojulikana ya sonona au ya wasiwasi, na maswali machache kuhusu usingizi, hamu ya kula, na kama bado anafurahia vilivyokuwa vikimfurahisha yangetosha kuufungua mlango. Lakini muuguzi naye amekulia katika picha ya kichaa wa stendi, na aliyeketi mbele yake amefunga kilemba vizuri na anajibu salamu.

Filamu na michezo ya kuchekesha huikoleza picha hiyo. Mwigizaji hupakwa masizi, huvishwa matambara, hupewa mistari ya kuchekesha, na kwa kawaida hupona ghafla mara tu mchawi anapokiri. Riwaya imekwenda mbali zaidi. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto ni msomi anayefikiri, anayezungumza vizuri, na anayeishia kujiua. Msomaji anaona mateso ndani ya mtu ambaye mtaani angeitwa mwenye bahati. Magazeti, kwa upande wao, hupenda sababu moja: amejinyonga kwa wivu wa mapenzi, kwa deni, kwa kufeli mtihani. Jambo hilo moja laweza kuwa ndilo lililomsukuma siku ile, ila nyuma yake mara nyingi kuna miezi ya ugonjwa ambao hakuna aliyeupa jina. Sheria za kikoloni zilimfanya hata anayenusurika kuwa mhalifu. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 9, 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu kujaribu kujiua, ni kinyume cha Katiba.

Hospitali nazo zimegeuzwa matusi. Nchini Tanzania, kumwambia mtu apelekwe Mirembe, hospitali ya akili iliyoko Dodoma, ni kumtukana, ingawa kwa Kiganda neno hilo hilo maana yake ni amani. Hofu ya jina hilo huchelewesha tiba. Dawa nazo zina sifa mbaya: husemwa kwamba humfanya mtu zezeta. Haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, kweli yaweza kuukaza mwili, kutetemesha mikono na kutoa udenda, na jirani anayeyaona hayo hudhani ndio ugonjwa wenyewe. Mengi kati ya hayo hupungua kipimo kikirekebishwa au dawa ikibadilishwa, lakini mgonjwa asiyeelezwa huziacha kimya kimya, na ugonjwa hurudi.

Anayezimeza dawa hizo na kupata nafuu hurudi dukani, darasani, msikitini au kanisani. Hakuna anayemtambua, naye hana sababu ya kujitangaza katika mtaa ambao ungembatiza chizi hadi kufa kwake. Vidonge vyake viko ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Anavimeza usiku watoto wakishalala, na asubuhi anafungua duka, akipita stendi njiani.