"Uliuliza nani, na mwezi gani?" Jinsi ya kuandika makala ya utafiti inayoeleweka

Sisi tunaofanya kazi ya amani katika Kivu ya Kusini huandika tafiti nyingi. Lakini utafiti ulioandikwa vibaya waweza kuongeza ugomvi. Nimejifunza hilo kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala juu ya migogoro ya wakulima na wafugaji katika uwanda wa Ruzizi. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Chanzo cha migogoro ni ng'ombe wanaokula mazao." Tulipoisoma mbele ya wananchi, mzee mmoja mfugaji alisimama akasema: "Mwanangu, uliuliza nani, na mwezi gani?"

Nilikosa jibu. Tulikuwa tumehoji watu wakati wa mvua, ng'ombe na wachungaji wao wakiwa juu milimani. Wao hushuka uwandani wakati wa kiangazi kutafuta malisho. Kwa hiyo karibu wote tuliowahoji walikuwa wakulima, na hayo sikuyaandika popote. Wafugaji waliona wamehukumiwa bila kusikilizwa.

Kumbe swali la mzee lina mahali pake katika mpangilio wa makala ya kisayansi. Majarida makubwa ya tiba yalianza kuutumia mpangilio huu kidogo kidogo miaka ya 1940, na kufikia miaka ya 1980 ulikuwa umeenea kabisa. Una sehemu nne:

1. Utangulizi. Tatizo ni nini, na swali letu ni lipi? "Migogoro ya ardhi" ni mada, si swali. "Kwa nini mapatano juu ya njia za ng'ombe huvunjika wakati wa kiangazi?" Hilo ni swali.

2. Njia za utafiti. Uliuliza nani, wangapi, wapi, mwezi gani, kwa lugha gani, na nani alitafsiri? Eleza kiasi kwamba mtu mwingine aweze kurudia kazi yako. Lakini uwalinde waliohojiwa: hata bila jina, "mjane mwenye duka karibu na kanisa" hutambulikana mara moja kijijini.

3. Matokeo. Andika yale uliyoyaona na kuyasikia tu. Usiseme "watu wengi". Sema wangapi kati ya wangapi.

4. Mjadala. Hapa ndipo unapoeleza maana ya matokeo, mipaka yake, na maelezo mengine yanayowezekana. "Wakulima walituambia kwamba ng'ombe wanaharibu mazao" ni matokeo. "Ng'ombe ndio chanzo cha migogoro" ni maoni, nayo yanahitaji ushahidi. Mimi nilichanganya hayo mawili.

Si lazima uandike kwa utaratibu huo. Anza na njia na matokeo, ambayo unayajua vizuri, kisha mjadala, halafu utangulizi. Muhtasari uandike mwisho, ingawa utasomwa kwanza.

Angalia pia maneno. Neno la mahali lieleze mara ya kwanza: itulo, yaani kile ambacho wafugaji humpa mkuu wa kienyeji ili wapate malisho. Kitu kimoja kiite kwa jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tena jihadhari na neno kama "wenyeji". Kwetu, kuuliza nani ni mwenyeji na nani ni mgeni ni sehemu ya mgogoro wenyewe. Ukiliandika bila kulieleza, umekwisha kuchagua upande.

Tulirudi uwandani wakati wa kiangazi, tukawahoji wachungaji, tukaandika upya. Makala ya pili haikudai mengi kama ile ya kwanza, lakini pande zote mbili zilikaa kuisikiliza hadi mwisho.

Kabla ya kutuma makala yako, msomee mtu mmoja wa kila upande. Kila mmoja akiona kwamba maneno yake yameandikwa kama alivyoyasema, hata kama hapendi matokeo, kazi yako iko tayari.